Websaiti za watu wa mtaani: mmeuliza, najibu

Kwa wageni wa safu hii, mchana nauza spea za pikipiki Buzuruga hapa Mwanza, usiku nikishafunga fremu nawatengenezea watu websaiti, mwaka wa sita huu. Juzi niligusia tu kwamba ada ya mtoto imetoka kwenye hizo kazi za usiku, basi maswali yakaingia kama dagaa kipindi cha giza. Yanayofanana nimeyaunganisha, na mliouliza "nitapata milioni kwa mwezi?" nimewaruka, mnisamehe.

Kaka shikamoo. Nasoma Malimbe mwaka wa pili, HTML na WordPress za kutengenezea websaiti najua kiasi ila sijawahi kumfanyia mtu kazi. Nani atanipa bila kuona nilichofanya?

Marahaba mdogo wangu. Hakuna atakayekupa na usimlaumu, hata we huwezi kumpa fundi cherehani kitambaa cha sendofu ya dada yako wakati hujaona hata sketi moja aliyoshona. Tafuta biashara moja ambayo mwenyewe anakujua kwa sura, mjomba, shangazi, yule wa steshenari unapochapia asaimenti, halafu habari za websaiti zifiche kwanza, maana hapo ndo wengi mnaharibu, mnaingia dukani na laptopu mnaongelea hostingi na domeni mtu anajiuliza hawa watoto ni wa kubeti au wa nini.

Anza kumuweka kwenye ramani ya Google. Ni bure, inaitwa Google Business Profile, unajaza jina la biashara, namba, saa za kufungua, unapiga picha nzuri asubuhi jua halijawa kali, pini unaiweka mlangoni kabisa, halafu Google wanahakiki, mara nyingi sikuhizi wanataka video fupi inayoonyesha mtaa, kibao cha duka na kwamba mwenyewe kweli anaingia mpaka ndani. Kwa mji wetu hiyo pini peke yake ni msaada mkubwa, nyumba zimepanda juu ya mawe, ukimuelekeza mgeni Mabatini unamwambia "ukifika kwenye jiwe kubwa" na mawe makubwa yako mia.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa fundi alumini wa Igoma. Nilimuweka kwenye ramani bure, kama wiki tatu baadae akanipigia mwenyewe, eti kuna mtu wa Geita anataka madirisha ya nyumba nzima, namba kaitoa wapi? Hapo ndo nikamwambia habari ya websaiti na hakuuliza tena inasaidia nini.

Bei bwana. Kuna wanaofanya kwa elfu 50 na kuna wanaotaja milioni 2. Mi nichaji ngapi? (kijana wa Mkolani)

Huyo fundi alumini nilimchaji elfu 80, jina la websaiti (hiyo domeni) na hostingi (sehemu websaiti inapokaa mtandaoni) ya mwaka mzima humo humo. Nikalipia jina, nikalipia hostingi, nikanunua bando, nikaenda Igoma mara tano kwa sababu kila nikiomba picha za kazi zake anasema ziko kwenye simu iliyoharibika, nilivyokaa kupiga hesabu nikakuta mi ndo nimemlipa yeye.

Sikuhizi natenganisha mafungu matatu na nayaandika kwenye karatasi aone. Gharama za nje, yaani jina na hostingi, hizo anazilipa mwenyewe kila mwaka na risiti inatoka kwa jina lake. Ufundi, websaiti ya kurasa tano naanzia laki 3 na nusu. Halafu ukarabati elfu 20 kwa mwezi. Fungu la tatu ndo linanilisha, vijana mnalidharau sana, nina wateja tisa pale, piga hesabu mwenyewe, na inakuja hata mwezi ambao sijapata kazi mpya.

Ila ukarabati sio kukaa unapokea. Kuna mwenye loji upande wa Sengerema alikuja kwangu mwaka jana, ukurasa wake wa "jinsi ya kufika" bado unamwambia mgeni apange muda wa kusubiri kivuko Kigongo, na daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 unapita na gari dakika chache uko ng'ambo! Mgeni akisoma hivyo anaona hawa labda walishafunga. Na kuna mambo yasiyoonekana, kusasisha WordPress na plagini (programu ndogo za kuiongezea kazi), kuweka bakapu sehemu nyingine tofauti na kwenye hostingi. Zaidi ya asilimia 40 ya websaiti zote duniani zinatumia WordPress kwa hiyo na wezi wameisomea vizuri. Mwaka wangu wa pili nilitumia themu (muundo wa mwonekano wa websaiti) ya kulipia niliyoipakua kwa njia za panya, bure, nikajiona mjanja, kumbe imewekewa mlango wa nyuma, asubuhi moja websaiti ya shule ya chekechea inatangaza kasino. Mwalimu mkuu alinipigia saa 12 na nusu. Themu za bure za halali zimejaa, sijui hata nilikuwa nakimbilia nini.

Kila ninayemfuata ananijibu "niko Instagram na WhatsApp, inatosha". Nimjibuje?

Wengine wako sahihi, waache. Mama ntilie wa Makoroboi au kijana wa mitumba Mlango Mmoja hana shida na websaiti, mteja wake anapita mbele yake kila siku, ukimuuzia umemuibia tu. Unayemtafuta wewe ni yule ambaye mteja wake yuko mbali, hamjui, na anataka kulinganisha kabla hajatoa hela. Loji, shule za bweni, zahanati, kumbi za harusi, mwenye boti anayepeleka wageni Saanane. Au muuza dagaa wa mwaloni Kirumba, dagaa wa kule wanavuka mpaka Kongo, mnunuzi wa Lubumbashi hajawahi kukanyaga Mwanza, atakutana naye wapi? Huyo mwekee picha za mzigo, gunia lina kilo ngapi, anafungashaje, na andika Kiswahili cha kawaida kwanza maana Lubumbashi Kiswahili kinaongewa. Kifaransa kiongeze baadae ukipata mtu wa kukihakiki.

Na usishindane na WhatsApp, itumie. Weka kitufe kikubwa chenye linki ya wa.me, ile inayofungua WhatsApp moja kwa moja, halafu namba, inaanzia 255 bila sifuri ya mbele na bila alama ya kujumlisha, ukikosea hapo mteja anabonyeza hafiki popote na wewe hutajua miezi sita.

Mwanangu, mimi nina loji Nansio. Kijana alinitengenezea websaiti miaka miwili iliyopita, sasa haifunguki, simu yake haipatikani, wageni wananiambia nimefilisika. Nifanyeje? Wabeja.

Pole sana mama, na shikamoo. Hili swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu ndo ugonjwa mkubwa wa kazi yetu na wanaouleta ni sisi mafundi.

Jina la websaiti halinunuliwi moja kwa moja, linalipiwa kwa muda, kwa kawaida mwaka mwaka, kama fremu. Asipolipa mtu linazimika, na likishaachiwa kabisa yeyote anaweza kulichukua. Vijana wengi wanalisajili kwa imeili yao na jina lao kwa sababu ni haraka, wengine makusudi ili usiwaache, siku akipata ajira Dodoma au akibadilisha laini biashara yako inabaki kwenye mfuko wake. Kwa macho ya msajili, yaani kampuni iliyoliuza jina, mwenye mali ni yeye.

Cha kufanya, mtafute kijana yeyote mwenye akili timamu hapo Nansio, aangalie taarifa za hilo jina kwenye huduma ya whois, atamuona msajili na tarehe ya kuisha. Majina ya .co.tz yanauzwa kupitia wasajili wenye kibali kwa hiyo kuna mlango wa kugonga. Waandikie, ambatanisha cheti cha jina la biashara, leseni, na ujumbe wowote wa simu unaoonyesha ulimlipa yule kijana. Sikuahidi mama, ila nimeshaona ikikubali. Ikishindikana au kama jina limeshachukuliwa, sajili jina jipya linalofanana, safari hii kwa imeili yako mwenyewe na namba yako, paswedi iandike kwenye daftari la loji pale unapoandika wageni. Wakati unahangaika na hilo hakikisha kwenye ramani ya Google namba yako ni sahihi na pameandikwa mko wazi, wageni wengi wanaangalia pale kwanza.

Na we fundi unayesoma hapa, msajilie mteja kwa jina lake siku ya kwanza, mkiwa mmekaa wote. Atakulipa ukarabati kwa sababu unafanya kazi, sio kwa sababu umemshikia funguo.

AI inatengeneza websaiti kwa dakika tano sasa. Hii biashara si imekufa?

Kurasa inatengeneza kweli, hata mi naitumia kupata rasimu. Juzi niliiambia iandike maneno ya loji iliyoko Mwanza ikaniletea "amka usikie mawimbi ya bahari chini ya minazi". Bahari! Hapa ni sato na sangara na mawe. Akili mnemba haijui kwamba maji ya loji yanakatika Alhamisi ila kuna simtanki mbili, haijui wageni wa hospitali ya Bugando wanaouguza ndugu wanataka chumba cha bei ya chini cha wiki nzima na jiko la kupikia uji, na hilo ndo linalojaza vyumba. Hayo utayapata ukikaa mapokezi saa mbili na soda yako. Na mwenye loji hataki kujifunza kutengeneza, hata kwa dakika tano. Anataka mtu wa kumpigia.

Sina laptopu, nina simu tu. Inawezekana?

Kuanza ndio. Ramani, picha, kuandika maneno, hata WordPress inafunguka kwenye simu ingawa utaumia macho. Tena simu ina faida, utaona websaiti kama mteja anavyoiona. Picha ikitoka kwenye simu ina MB 4 au 5, ukiweka sita hivyo hivyo umemla mtu bando lake kabla hajaona bei ya chumba, zipunguze mpaka ziwe chini ya KB 200. Mi naijaribu kila kazi kwenye simu ya mke wangu, ya zamani, kioo kina ufa. Ikifunguka pale imepita.

Mteja nimemaliza kazi yake, sasa kila nikimpigia "njoo kesho". Mwezi wa pili huu.

Ulianza bila advansi, si ndio? Nusu kabla hujagusa kitu, nusu kabla hujaihamishia kwenye anwani yake halisi. Unamuonyesha ikiwa kwenye anwani ya majaribio, akiridhika analipa, ndo inaenda hewani. Huyo wa sasa nenda dukani kwake asubuhi akiwa anafungua, salimia vizuri, kaa. Usiende jioni, jioni hela imeshaenda kununua mzigo.

Nahitaji TIN (namba ya mlipa kodi) kwa kazi ndogo kama hizi?

Chukua, ni bure, na ofisi za TRA watakuelekeza uko fungu gani. Ukibaki kwa mafundi na maduka wengi hawatakuuliza, ila siku shule au kampuni ikikuita kitu cha kwanza ni TIN na risiti. Na kwenye malipo ya huduma hao huwa wanakata kodi ya zuio asilimia 5, kwa hiyo ukikubaliana laki 5 ikaingia laki 4 na elfu 75 usigombane na mhasibu kama nilivyogombana mimi, muombe cheti cha zuio ukitunze, kinahesabika kwenye kodi yako ya mwaka.