Kabla ya kuamini kimo, uliza kimepimwa kutoka wapi

Mwaka wangu wa kwanza wa upimaji ardhi nilitumwa kuchukua vimo ufukweni, karibu na Dar es Salaam. Nilisimika kifaa cha GPS hatua chache tu kutoka kwenye maji, nikasubiri, kisha nikasoma kwenye kioo: hasi ya mita ishirini na kitu. Nilikuwa nimesimama kwenye mchanga mkavu, viatu mkononi, na kifaa kinadai niko chini ya bahari kwa kina cha ghorofa saba. Nilikizima, nikakiwasha tena, mwishowe nikaripoti kuwa kimeharibika.

Kifaa kilikuwa kizima. Setilaiti hupima kimo kutoka kwenye elipsoidi, yaani umbo laini la kihesabu ambalo kwenye ncha limebonyea kwa kilomita kama 21 likilinganishwa na ikweta. Bahari hailijui umbo hilo. Maji hutulia pale mvutano wa Dunia unapoyaweka, na kwa kuwa miamba iliyo chini yetu haina uzito sawa kila mahali, uso huo wa maji, unaoitwa jeoidi, una mabonde na miinuko yake. Bonde kubwa kuliko yote liko kusini mwa Sri Lanka, ambako jeoidi imeshuka zaidi ya mita 100 chini ya elipsoidi. Pwani yetu nayo imo upande wa kushuka, ingawa si kwa kiasi hicho.

Kwa hiyo, ukipewa vimo vya kupangia bomba la maji au mfereji, uliza kwanza kama tofauti hiyo kati ya elipsoidi na jeoidi imekwisha kuondolewa, kwa sababu vifaa vingine huiondoa vyenyewe kimyakimya, kwa kielelezo cha jeoidi kama EGM2008, na ukiirekebisha mara ya pili umeharibu kazi. Angalia pia alama: kwetu, ambako jeoidi iko chini, tofauti huongezwa kwenye kimo cha setilaiti, haipunguzwi. Halafu funga kazi yako kwenye alama ya kimo ya zamani inayoaminika. Fundi anayesawazisha msingi kwa mpira wa maji hasumbuki na haya yote, maana mpira wake unatii mvutano wenyewe.

Hata Kilimanjaro, ambao tulifundishwa kuwa na mita 5,895, ulipopimwa kwa setilaiti mwaka 2008 ulipata takriban 5,891. Mlima haukufupishwa, kipimo ndicho kilichobadilika.

Kwa wenye viwanja, jambo la kuuliza ni mfumo wa majira ya nukta, yaani namba zinazoonyesha kiwanja kiko wapi. Ramani iliyochorwa kwa mfumo wa zamani wa Arc 1960, ambao si ule unaotumiwa na simu, ukiziingiza namba zake kwenye simu kama zilivyo, itakupeleka takriban mita 300 mbali na kiwanja chako, pengine uani kwa jirani. Nimeitwa mara mbili kuamua ugomvi wa namna hiyo, na mara zote mbili bikoni zilikuwa mahali pake, zimefunikwa na majani.