Kontrola ya ampea 30 kwa paneli mbili za wati 300

Ndugu, umeuliza kama kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme wa sola unaoingia kwenye betri) ya ampea 30, ya aina rahisi iitwayo PWM, inatosha paneli mbili za wati 300 na betri ya volti 12. Haitakupa umeme wote wa paneli hizo. Wati 600 ukigawa kwa volti 12 ni ampea 50, kwa hiyo tafuta ya ampea 60.

Tena chukua ya aina ya MPPT, inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea, tafadhali. Paneli za ukubwa huo kwa kawaida hufanya kazi kwenye volti 30 na kitu, na PWM huzishusha hadi volti za betri, hivyo zaidi ya nusu ya umeme uliolipia unapotea. Kama betri bado hujanunua, nenda mfumo wa volti 24: ampea zinashuka hadi 25, na waya hauhitaji kuwa mnene sana.

Ukiunga paneli kwa mfululizo, jumlisha volti za Voc (volti za paneli ikiwa haijaungwa na kitu) zilizoandikwa nyuma yake, kisha acha nafasi chini ya kikomo cha volti cha kontrola, maana asubuhi ya baridi volti hupanda. Kontrola ikizidishiwa volti huungua.

Betri ya asidi usiitumie chini ya nusu. Ya lithiamu (LiFePO4) inavumilia kutumika hadi asilimia 80 hivi ya chaji yake, ila hakikisha kontrola ina mpangilio wa betri ya aina hiyo.

Na fyuzi, nakuomba usiiruke! Iweke karibu kabisa na betri, upande wa chanya. Betri ikipiga shoti bila fyuzi, waya unawaka moto. Unga betri kwenye kontrola kwanza, paneli baadaye.