Muulize Fundi: Bodi moja, darasa zima

SWALI: Shikamoo fundi. Nafundisha fizikia sekondari, mkoani Singida. Klabu yetu ya sayansi ina bodi moja tu ya Arduino Uno (kompyuta ndogo ya kujifunzia elektroniki), na wanafunzi ni zaidi ya thelathini. Nimewaanzishia Wokwi, tovuti inayoiga bodi hiyo, kwenye kompyuta za shule: wanaunga waya na kuandika programu humo humo kwenye kivinjari. Mwalimu mwenzangu anasema nawachezesha gemu, na kwamba programu inayokubali kule itagoma kwenye bodi yenyewe. Ni kweli? Na mbona kwenye kompyuta moja taa inawaka na kuzimika polepole kuliko kwenye nyingine, wakati programu ni ile ile?

JIBU: Marahaba mwalimu. Huwachezeshi gemu hata kidogo, na mwenzako umwonyeshe jambo nitakalokueleza hapa.

Uno inaendeshwa na chipu ya ATmega328P: kasi megahezi 16, kilobaiti 32 za kuhifadhia programu, na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Wokwi, iliyoanzishwa na Uri Shaked, haikisii taa ingefanya nini. Programu ya mwanafunzi inageuzwa kuwa lugha ya mashine ya chipu ile ile, kisha maktaba iitwayo avr8js, ikiwa ndani ya kivinjari, inasoma amri moja baada ya nyingine na kutenda kama chipu: rejista (vihifadhi vidogo vya ndani), taima, pini (miguu ya kuungia waya).

Ushahidi huu hapa. Waandike int muda = millis(); (milisekunde tangu programu ianze, zikiwekwa kwenye namba kamili, int) ndani ya loop, sehemu inayojirudia, waichapishe kwenye Serial Monitor, dirisha la maandishi kutoka kwenye bodi, wasubiri. Namba zitapanda hadi kukaribia 32767, kisha ghafla ziwe hasi. Sekunde 32 na ushei zimepita, na int ya Uno, ambayo ni baiti 2, imejaa. Kwenye kompyuta ya mezani int kwa kawaida ni baiti 4, kwa hiyo kosa hili lisingeonekana mapema hivyo kama kivinjari kingekuwa kinaigiza juu juu. Wakibadilisha kuwa unsigned long, aina ya namba yenye nafasi kubwa zaidi, tatizo linakwisha, hapo kwenye skrini na kwenye bodi pia. Mtoto aliyeona namba zikigeuka hasi mbele ya macho yake hatasahau kwa nini aina ya kigezo ina maana.

Kuhusu taa ya polepole: programu ikianza, juu ya mchoro kuna saa na asilimia. Ikiandika 100%, mwendo ni wa bodi halisi. Kompyuta dhaifu inaweza kushuka hata chini ya nusu, na hapo sekunde moja ya Arduino inachukua zaidi ya sekunde mbili za saa ya ukutani. Programu haina kosa. Funga kurasa nyingine zilizofunguliwa, itapata nguvu.

Sasa hofu yangu, na hapa mwenzako ana hoja. Wokwi ni hodari kwa programu, si kwa umeme. Mwanafunzi akiunga LED moja kwa moja kwenye pini bila rizista, itawaka vizuri tu. Kwenye bodi halisi, pini ya ATmega328P haipaswi kupita miliampea 40, na kwa usalama tunabaki 20. Wapigishe hesabu: volti 5 toa 2 za LED nyekundu, gawa kwa omu 220, unapata kama miliampea 14. Kwa somo hilo natumia Tinkercad ya Autodesk, tovuti nyingine ya kuigiza saketi, kwa sababu LED ikipitishiwa umeme mwingi inakuonyesha kwamba imezidiwa. Lakini hakuna skrini itakayokuonyesha waya uliolegea kwenye bredibodi (ubao wa matundu wa kuungia waya), wala mota ya servo inayovuta umeme wa USB hadi bodi inajiwasha upya yenyewe. Hayo yanajulikana kwa mkono.

Jambo la bando: Wokwi inatuma programu kwenye seva yao ili ikageuzwe, hivyo kila badiliko linahitaji intaneti. Siku mtandao ukisumbua, tumia MakeCode, tovuti ya kuandikia programu za bodi nyingine ndogo iitwayo micro:bit, ambayo ukurasa ukishafunguka huendelea bila mtandao. Ila ujue yenyewe haiigi chipu. Inaendesha programu kama JavaScript, kwa hiyo majaribio kama lile la int usiyapeleke huko.

Hiyo bodi yenu moja iwe ya kuhakikishia. Kikundi kikimaliza kwenye kivinjari, kilete mchoro wa karatasi wenye rizista zote, ukague, ndipo wapewe bodi waunge. Na klabu ikipata fedha, kabla ya bodi ya pili nunueni multimita. Waanze kwa kupima volti za pini 13 ikiwa imewashwa, kwanza bila mzigo, kisha ikiwa na LED na rizista yake, wazilinganishe namba hizo mbili.