Flopi za zamani: chukua taswira kwanza, mafaili baadaye

Ndugu wa Jinja, umesema una maboksi mawili ya flopi za ofisi ya parokia, nyingi za inchi 3.5 na chache za 5.25. Draivu ya USB inasoma baadhi, na kwa nyingine Windows inauliza kama uiformati diski. Usikubali hata siku moja. Swali hilo halina maana kwamba diski ni tupu. Kompyuta imeshindwa kuelewa sekta za mwanzo (vipande vidogo ambamo data hugawanywa), basi. Orodha za ubatizo zinaweza kuwa zimekaa salama kwenye sekta nyingine zote.

Kabla ya kuchukua taswira, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, funga uandishi. Kwenye 3.5 sogeza kile kibao cha pembeni mpaka tundu libaki wazi. Kwenye 5.25 ni kinyume: pengo la ubavuni lizibwe kwa utepe wa gundi usiopitisha mwanga. Msiseme "nasoma tu". Windows 95 ilikuwa inaandika alama yake kwenye sekta ya kwanza ya flopi isiyofungwa, bila kumwuliza mtu.

Halafu ukungu. Huko kando ya ziwa unyevu ni mwingi, kwa hiyo vuta kile kifuniko cha chuma, zungusha kitovu kwa kidole na utazame uso wa diski kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona vidoa vya kijivu kama unga uliomwagika, usiiingize kwenye draivu. Uchafu utaganda kwenye kichwa cha kusomea na kukwaruza diski hiyo na zitakazofuata. Chovya kijiti cha pamba kwenye isopropili ya 99%, futa taratibu huku ukizungusha, pande zote mbili, uache ikauke kabisa. Spiriti ya duka la dawa ya 70% ina maji mengi mno. Diski ikipiga kelele ya kukwaruza ndani ya draivu, itoe hapo hapo na usafishe kichwa.

Zile zenye afya, draivu yako ya USB inatosha. Tumia Linux na ddrescue, programu ya kunakili diski zenye hitilafu (kwenye Ubuntu kifurushi kinaitwa gddrescue). Angalia kwanza kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski, kama flopi kweli imepewa jina sdb, maana ukikosea utanakili diski nyingine:

ddrescue -d -n /dev/sdb p01.img p01.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdb p01.img p01.map

Amri ya kwanza inazoa vilivyo rahisi, ya pili inarudia sehemu zilizogoma. Faili la map ndilo linalokumbuka umefika wapi. Umeme ukikatika katikati, unarudia amri ile ile nayo inaendelea ilipoachia. Mwishoni pima ukubwa: 1.44MB lazima iwe baiti 1,474,560 kamili, na 720KB iwe 737,280. Pungufu hata baiti moja, hiyo si taswira kamili.

USB ina mipaka yake. Haijui Amiga ya 880KB, wala Mac ya 400KB na 800KB ambazo draivu yake hubadilisha mwendo. Mac ya 1.44MB inasomeka, ila ndani kuna HFS, mfumo wa mafaili wa Mac, hivyo Windows itadai haijaformatiwa. Mtego mwingine: diski ya HD (ya 1.44MB) iliyoformatiwa kama 720KB. Draivu inaona tundu la pili, inadhani ni 1.44, inagoma. Ziba tundu hilo kwa utepe wa gundi na ujaribu tena.

Kwa zinazogoma, na kwa 5.25 zote, nashauri Greaseweazle. Ni kibao kidogo cha kielektroniki cha Keir Fraser kinachounganisha draivu ya kawaida ya pini 34 na USB. Hakisomi sekta, kinarekodi mipigo ya sumaku yenyewe, kwa hiyo unaweza kurudia kuichambua mwaka kesho bila kuigusa diski. Draivu ya 3.5 chomoa kwenye kompyuta ya Pentium iliyokufa. Ya 5.25 inahitaji pia volti 12, tumia pawa saplai ya kompyuta. Waya ukiwa na msokoto draivu ni A; ukiwa umenyooka, ongeza --drive=b kwenye amri ya kusoma ya gw, programu yake:

gw read --revs=5 p07.scp
gw convert --format=ibm.1440 p07.scp p07.img

Faili la scp linaweza kufika makumi ya megabaiti, lakini usilifute: hilo ndilo asili, img ni tafsiri tu. Baada ya kubadilisha utaona jedwali la sekta, nukta ni nzima, X imekosekana, na idadi iliyopatikana kati ya 2880. Sekta iliyokosekana hujazwa maneno -=[BAD SECTOR]=-, hivyo ukiyakuta katikati ya barua unajua pengo liko wapi. ddrescue yenyewe huacha sufuri, ambazo ni rahisi kupita bila kuziona.

Diski za 360KB zina traki (njia za mviringo za data) 40 pana. Ukizisoma kwenye draivu ya 1.2MB, ongeza --tracks="c=0-39:h=0-1:step=2". Kusoma ni sawa. Kuandika humo usithubutu, kichwa chake chembamba huacha mabaki ya maandishi ya zamani pembeni mwa traki.

Taswira za TD0 na IMD (miundo mingine ya faili za taswira) ulizopewa zifungue kwa programu ya HxC, uzitoe kama img. Mafaili ya ndani ya taswira yatoe kwa mcopy:

mcopy -s -i p07.img :: ./p07/

Mafaili ya zamani ya WordPerfect, Lotus na DBF hufunguka kwenye LibreOffice, hata kama jina la faili halina kiambishi. Amri ya file itakutambulishia aina ya faili. WordStar, programu ya zamani ya kuandikia, ndiyo yenye vituko: herufi ya mwisho ya kila neno huonekana takataka kwa sababu biti ya juu imewashwa. Izime kwenye nakala:

perl -pe 'tr/\200-\377/\000-\177/' barua.ws > barua.txt