Kabla ya Kulipia Picha Kali ya Satelaiti, Uliza Inaona Nini

Wiki hii kijana mmoja wa Muheza kaniandikia. Amepata kazi yake ya kwanza ya kuchora ramani ya mikoko, na mteja anataka "picha kali kuliko zote". Je, anunue ya sentimita 30, yaani ambayo kila kimraba chake hufunika sentimita 30 za ardhi? Nilimjibu palepale asinunue kwanza, lakini swali lake limenigusa penye kidonda, na najua wengi wenu mnaotaka kuishi kwa kazi hii mtakutana nalo.

Nami nilipewa kazi kama hiyo, pwani ya Tongoni. Nilitumia picha za satelaiti za Sentinel-2, za bure, pikseli moja (yaani kimraba kimoja cha picha) mita 10, kisha nikaingia na mtumbwi kuhakiki aina za mikoko, mkandaa uko wapi na mchu uko wapi. Siku ya kuwasilisha, mkubwa mmoja aliivuta ramani yangu kwenye projekta mpaka vimraba vikaonekana, akauliza mbele ya watu wote: "Hii ni ramani au mkeka?" Kazi ikachukuliwa, akapewa mwingine aliyekuja na picha ya satelaiti ya WorldView-3. Mpaka leo nikikumbuka, moyo unaniuma.

Picha ile ilikuwa nzuri, siikatai. Satelaiti hiyo ilirushwa mwaka 2014, inazunguka kilomita 617 juu yetu, na pikseli yake ni sentimita 31. Ngalawa unaiona na matengo yake. Lakini sentimita 31 ni za picha nyeusi na nyeupe. Kihisi chake hukusanya mwanga wa aina nyingi kwa pamoja, kwa hiyo hata pikseli ndogo hupata mwanga wa kutosha. Ukitaka rangi, mwanga huo hugawanywa katika bendi nyembamba, yaani mafungu ya mwanga kwa rangi, kila bendi ikapata kidogo, na pikseli lazima ziwe kubwa: kwa satelaiti hiyohiyo, mita 1.24. Ile ya rangi yenye ukali wa sentimita 31 unayouziwa ni picha mbili zilizounganishwa na kompyuta.

Mwenzangu huyo aliyepewa kazi, kwa kubana bajeti, alinunua nyeusi na nyeupe peke yake. Humo mkoko ni mweusi na tope bichi ni jeusi! Mmea hai hujitambulisha kwenye infraredi ya karibu, mwanga ambao macho yetu hayauoni, kwa sababu majani huirudisha kwa wingi na maji huimeza. Bendi hiyo mimi nilikuwa nayo, yeye hakuwa nayo.

Tena kuna maji. Satelaiti nyingi za aina hii hupita kwetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mtu wa pwani ya Tanga haambiwi: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, saa hizo maji yamekupwa na kina mama wako mwambani wanatafuta pweza; siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, saa hizohizo maji yako juu. Picha yao ilipigwa maji mafu. Miche yote ya ukingoni ilikuwa imefunikwa, na ramani ikasema pale hakuna kitu.

Baadaye wale walioninyang'anya kazi walinipigia simu wenyewe. Nilirudi, kwa bei yangu, na ramani wanayoitumia sasa ni yangu.

Ndiyo maana nawaambia vijana, msikubali mteja awachagulie chombo. Yeye ajue anataka kujua nini, basi. Chombo ni elimu yako, uliisomea. Ukiona anang'ang'ania ukali, mwulize anahesabu nini. Anahesabu nyumba au mashua? Sawa, nunua sentimita 30. Anatafuta mikoko iliyopungua mwaka hadi mwaka? Anza na za bure, uangalie bendi kabla ya ukali. Tuheshimu kazi yetu, jamani, wengine wataiheshimu.

Ukifika kwa muuzaji, dai tarehe ya picha uilinganishe na jedwali la maji. Dai pembe pia, maana satelaiti ikipiga kiubavu pikseli hutanuka na minazi huonekana imelala. Na usiridhike ukiambiwa mawingu ni asilimia 5, kwani hiyo ni ya picha nzima. Omba picha ndogo ya kuonjea, utafute eneo lako mwenyewe, kwa sababu asilimia 5 hiyo inaweza kuwa imekaa yote juu ya Tongoni.