Roma waandika, lakini anayekuzuilia mzigo ni mwengine: kwa wanaoanza klia na fowadi, kazi ya kupitisha mizigo ya watu forodhani na kuisafirisha

Kila mwaka waja vijana wapya ofisini, wakali kweli kwa kompyuta, na kila mwaka nasikia yaleyale, mara "hizi sheria za UN ni maneno tu", mara "WTO (shirika la biashara la dunia) ndio imetuzuilia kontena". Zote mbili si kweli na zote zinamla mteja pesa, so wadogo zangu hebu tukae kidogo.

1. HS kodi, yaani namba ya kutambulisha bidhaa forodhani, si kodi ya kulipa, haikutungwa na KRA, watoza ushuru wa Kenya. Tarakimu sita za kwanza zatoka kwa shirika la forodha la dunia, WCO, Brussels, zinazofuata ndio zetu Afrika Mashariki. Toleo la sasa ni la 2022, kwa hivyo wacheni kukopi kodi kwa entri za zamani.

2. Paleti, zile fremu za mbao za kupangia mzigo. Hapa nitakaa. Kijana wetu mmoja, mchapakazi mashallah, alipewa mzigo wa kwenda nje, karatasi zote safi, invoisi, pakingi listi, cheti cha asili, kila kitu. Mbao hakuziangalia. Mteja, mama mmoja, alizitengenezesha kwa fundi wa mtaani apunguze gharama, na hakuna aliyeinama kutazama ubavuni kama kuna muhuri: ule mchoro wa suke la ngano, kando yake KE, yaani Kenya, na namba, halafu HT, yaani mbao imepashwa moto mpaka ndani kwenyewe ikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, wadudu wafe. Kufika kule mzigo ukazuiliwa, ama paleti zitibiwe, ama ziharibiwe, ama vyote virudi, na mwenye kulipa ni yule mama. Na kijana, badala ya kumtafuta ajenti wa upande ule aulize kama dawa yaweza kupigwa palepale, yuko kwa meza anaiandikia FAO, shirika la chakula na kilimo la UN, kule Roma, malalamiko, siku zinakwenda, storeji inapanda! Kanuni ile ya muhuri, ISPM 15, ni ya mkataba wa kulinda mimea ulio chini ya FAO, sawa, lakini Roma hawana afisa hata mmoja pale getini. Serikali hukaa zikakubaliana, kisha kila moja huenda kuitia kwenye sheria zake, anayekuzuia ni afisa wa nchi ile kwa sheria ya nchi ile. Hapa kwetu ni KEPHIS, wakaguzi wa serikali wa afya ya mimea. Mwishowe dawa ilipigwa kulekule na mzigo ukatoka, lakini faida yote ya mama wa watu ilikuwa ishakwenda.

3. VGM, yaani uzito uliothibitishwa wa kontena na mzigo wake, usikadirie. Tangu 1 Julai 2016, kwa SOLAS, mkataba wa usalama wa meli wa IMO, shirika la bahari la UN, kontena bila uzito huo halipakiwi melini, basi.

4. Mteja akisema "tuishtaki WTO", mwambie kwa upole kule hushtakiana serikali, si wafanyabiashara. Na hata hizo serikali zimekwama, maana tangu Desemba 2019 chombo cha rufaa hakisikizi kesi, Marekani ilizuia uteuzi wa majaji. Hapo ndipo mwasema haya mashirika hayana meno. Mie nasema tembeeni yadi ya Kilindini, bandarini Mombasa: mzigo watoka China, waenda Kampala, na kila mmoja njiani asoma kodi ileile bila kumuuliza mwenzake. Hilo ni jambo kubwa, na nataka mulione.

5. Kenya ni mwanachama kotekote huku. Rasimu za kanuni za mimea huja kwa maoni kupitia KEPHIS, kwa hivyo kama muhuri wawaumiza mafundi wetu, andikeni wakati huo, kontena likiwa bado halijafungwa.