Vumbi, kwikwi na jiko la mkaa: maswali yenu kuhusu kupumua

Nafanya bodaboda Nkuhungu, hapa Dodoma. Kiangazi nikipenga, kamasi linatoka la kahawia. Vumbi lote hili linaishia mapafuni?

Si lote, ndugu yangu. Hilo unalolipenga limekamatwa mlangoni: vinyweleo vya puani vimezuia chembe kubwa, ute umenasa nyingine. Zinazopenya hushuka kwenye bomba la hewa, linalogawanyika matawi mawili, moja kwa kila pafu, kisha matawi hayo nayo hugawanyika tena na tena. Kuta zake zina vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo havipumziki. Husukuma ute wenye uchafu kwenda juu hadi kooni. Ukifika huko unautema, au unaumeza bila habari.

Za kuogopa ni chembe laini kabisa. Hizo hufika hadi kwenye vifuko vya hewa, vilivyoshikana kama kichala cha zabibu za Hombolo, ila ni vidogo mno: mtu mzima anavyo kati ya milioni 300 na 500. Hapo ndipo oksijeni inapoingia kwenye damu na kabonidayoksaidi kutoka. Huko hakuna vinyweleo vya kufagia, zipo seli za kumeza uchafu tu, nazo huzidiwa. Kwa hiyo vaa barakoa, na kama unavuta sigara, acha. Moshi wake unavilemaza vile vinyweleo unavyovitegemea.

Nimehamia kutoka Dar. Nikipanda ngazi za ofisini Mtumba nahema. Ni kweli huku oksijeni ni kidogo?

Kidogo, ndiyo. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa kote kuwili, lakini Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi zaidi, hivyo kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa kama asilimia 12. Mwenye afya njema halioni hilo kwenye ngazi. Mimi nakishuku zaidi kiti cha ofisini. Ila ukihema hata umekaa, au miguu ikivimba, kapime. Huenda ni moyo au upungufu wa damu.

Kwikwi inatoka wapi?

Chini ya mapafu kuna msuli mpana, kiwambo. Ukikaza hushuka, kifua hupanuka, hewa huingia. Ukilegea, hewa hutoka. Kwikwi ni kiwambo kukaza ghafla bila kutumwa, huku mlango wa sauti ukijifunga. Ule uzi tunaombandika mtoto kwenye paji hautibu kitu, ingawa sijaona aliyedhurika nao.

Baridi ya Julai tunalala na jiko la mkaa ndani. Mkaa ukishakolea na moshi kuisha, kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Mkaa uliokolea bado unatoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ndani ya damu hung'ang'ania himoglobini, ile inayobeba oksijeni, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kifua kinapanda na kushuka kama kawaida, kumbe damu inazunguka bila oksijeni ya kutosha. Huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito, na wengi hudhani ni uchovu wa siku. Ukimkuta mtu hivyo, mtoe nje haraka, kisha mpeleke hospitali hata kama amezinduka. Na usiku wa leo jiko libaki uani, mwongeze blanketi.